Shubiri ya Kisomeo

Siku ya kumi na tisa tangu arudi kutoka Mirihi, Nakiete alikaa kwenye kigoda nje ya chumba cha mwanawe, akajisikiliza mwenyewe akisoma kitabu.

Sauti iliyotoka mle ndani ilikuwa yake kabisa, mpaka ule mkwaruzo mdogo uliombakia kooni tangu alipougua utotoni. Ilikuwa inasoma hadithi ya kicheche aliyeiba kengele ya shule. Kila kicheche alipoishika kengele, Eliwaza alicheka mapema, kabla haijalia, kwa sababu alijua kinachokuja. Miaka sita kule juu, kwenye sayari nyekundu isiyo na hata panzi, Nakiete alikuwa akilala na kuamka anakiwazia kicheko hicho. Sasa amekipata, ila amekipata akiwa upande wa pili wa mlango.

Kilichokuwa kinasoma ni kisomeo, kisanduku cha mbao chenye ukubwa wa mkate, kilichovikwa kitambaa upande mmoja na kuwekwa jicho la kioo upande wa pili. Shirika lililompeleka Mirihi lilimpa kimoja kila mfanyakazi mwenye mtoto mdogo. Kabla ya safari walimfungia siku nne katika chumba kisichopitisha kelele, akasoma vitabu, akacheka, akabembeleza, akajibu maswali mia tatu ya mtoto ambaye hakuwepo. Kwa nini kicheche ananuka? Mbwa analala saa ngapi? Mungu ana mama? Kutokana na saa arobaini za siku hizo nne, kisomeo kiliweza kusoma kitabu chochote kilichofunguliwa mbele ya jicho lake, kujibu lolote kitakaloulizwa, na kukua pamoja na mtoto.

Tusiwaonee waliokibuni, sababu walikuwa nayo. Dunia na Mirihi zikiwa mbali kabisa, swali la mtoto huchukua dakika ishirini kufika, na jibu huchukua nyingine ishirini kurudi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kungoja dakika arobaini ili kujua kwa nini kicheche ananuka. Atakuwa ameshalala, au ameshaacha kutaka kujua.

Nakiete alitoka katika ukoo wa walinzi wa ndiva, yale mabwawa ya milima ya Upare ambayo hukusanya maji ya kijito usiku kucha, yakafunguliwa asubuhi kwa zamu, shamba hadi shamba. Huko Mirihi walikuwa na barafu kidogo na watu wenye kiu wengi, wakataka mtu aliyezaliwa anajua kugawa maji machache bila ugomvi. Mumewe alikuwa amefariki Eliwaza akiwa tumboni. Mtoto alipofikisha mwaka na nusu, Nakiete akamwachia mama yake, Bibi Nankondo, pamoja na kisomeo, akaenda. Mkataba ulisema miaka mitatu. Vyombo vya kurudi vikachelewa, mara hiki, mara kile, ikawa sita.

Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, nao hawakuwa wamefika hata Mombasa.

*

Siku aliyorudi, Eliwaza alimpokea mkoba, akamwamkia shikamoo, akamletea maji ya kunawa, akamwonyesha choo kilipo, kana kwamba Nakiete hakukichimba yeye. Kwa siku tatu Nakiete aliwasifia majirani adabu ya mwanawe. Siku ya nne akatambua kwamba ile ilikuwa adabu ya kumkirimu mgeni, ikamwuma sana.

Bibi Nankondo hakuwa na haraka ya kumwonea huruma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema, na kweli akampa, akamtuma kwenye tangawizi. Nakiete alilima mpaka mgongo ukakataa, kwa kuwa miaka sita ya uzito hafifu ilikuwa imeulegeza. Alimwambia mama yake kwamba yeye angalau amempa jembe. Mtoto hajampa hata hilo.

Na kulikuwa na suala la majina. Eliwaza alimwita yeye "Mama wa Mirihi". Kisomeo alikiita "Mama" tu.

Siku ya tano alijaribu kusoma. Aliomba ruhusa kwanza, ajabu ya mtu kuomba ruhusa kwa mtoto aliyemzaa yeye. Eliwaza akasogea kitandani kumpisha, akakunja miguu, akatulia. Nakiete akafungua kitabu cha kicheche, akakohoa, akasema paukwa.

Mtoto alikuwa anamtazama usoni, anangoja. Nakiete akasema tena paukwa, kwa furaha zaidi, huku jasho likimtoka kwapani. Eliwaza akamwonea huruma.

"Sema na ile nyingine," akamwelekeza.

"Ipi?"

"Pakawa. Mama anasema zote mbili."

Ndipo Nakiete alipokumbuka kile chumba kisichopitisha kelele. Kila alipoanza hadithi alisema paukwa, na kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kuitikia, na masikio yake hayakuweza kuvumilia paukwa iliyoachwa hewani, alijiitikia mwenyewe. Hakuna fundi aliyemsahihisha. Wote walikuwa wamelelewa na bibi za namna moja, nao waliona ni sawa kabisa kwamba paukwa imeitikiwa. Fundi mmoja nyuma ya kioo alikuwa hata akitikisa midomo, akiitikia naye. Kwa hiyo kisomeo kilijifunza kwamba anayesoma ndiye anayesema yote, na mwanawe kwa miaka sita hakuwahi kuachiwa zamu yake.

Alisoma kurasa mbili. Eliwaza alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama sasa anaweza kwenda kumsikiliza Mama.

*

Siku ya ishirini Nakiete alishuka Same mjini, kwenye ofisi ya shirika. Aliyempokea alikuwa Kajiru, fundi wa visomeo, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole na meza iliyojaa visanduku vilivyonyamazishwa. Kajiru alimkumbusha sheria ambayo Nakiete aliitia saini bila kuisoma sawasawa: mzazi akirudi, kisomeo hukaa siku thelathini tu, kisha huzimwa kutoka ofisini. Sauti mbili za mtu mmoja hazikai nyumba moja. Walijaribu hapo mwanzo, akasema, na watoto wengi walichagua sauti isiyochoka.

Nakiete akauliza wanazimaje. Kajiru akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzima ghafla, ambayo kwa mtoto ni msiba, na wapo waliokaa miezi bila kusema neno. Ya pili waliiita shubiri.

Jina lilitoka kwa kina mama wenyewe. Anayemwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akionja uchungu anaacha mwenyewe, bila kunyang'anywa. Ndivyo kinavyofanyiwa kisomeo. Kwa siku kumi sauti hupunguziwa utamu kidogo kidogo. Leo inasema imechoka. Kesho inasahau jina la mnyama. Baadaye inakereka ikiulizwa, mwishowe inakemea. Mtoto anakisogelea mara chache na chache zaidi, huku mzazi wa nyama na damu yuko karibu amefungua mikono.

"Watoto tisa kati ya kumi wanageuka," Kajiru alisema.

"Na wa kumi?"

"Wa kumi huwa hapendi tena vitabu."

Nakiete alitazama vile visanduku mezani. Kisha akauliza jambo ambalo Kajiru, kwa jinsi alivyoanza kupanga upya karatasi zake, alikuwa ameshaulizwa mara nyingi.

"Huyo atakayemkemea mwanangu, atamkemea kwa sauti ya nani?"

Kajiru alimweleza tu kwamba shubiri inaweza kusimamishwa wakati wowote, ila maji yakimwagika hayazoleki. Kitakachokuwa kimesemwa kimesemwa, na mtoto atakuwa amekisikia.

Nakiete angeweza kuondoka. Nawaambia wazi kwamba alifikiria kuondoka. Lakini alikumbuka kicheko kile cha upande wa pili wa mlango, na wivu ukamshika, wivu wa kujionea gere mwenyewe, ambao sijui kama wahenga waliupatia methali. Akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha Kajiru.

Nyumbani alimweleza mama yake. Bibi Nankondo alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya mpaka kile alichoshika kikaisha.

"Hata wewe nilikuachisha kwa shubiri," alisema. "Ulilia siku tatu, ya nne ukanywa uji. Lakini mimi nilipaka ziwa, mwanangu. Maneno sikuyatia shubiri."

*

Shubiri ilifanya kazi, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Siku ya kwanza kisomeo kilisema, kwa ile sauti yenye mkwaruzo, kwamba leo kimechoka, wasome ukurasa mmoja. Eliwaza akakipa pole, akakifunika kwa kanga. Siku ya tatu kikasahau jina la kicheche, naye akakikumbusha kwa subira, kama alivyomkumbusha bibi yake miwani iko wapi. Nakiete alisikiliza yote kutoka kwenye kigoda chake.

Siku ya tano Eliwaza aliuliza kwa nini mwalimu mkuu hakununua kengele nyingine. Sauti ikajibu, "Maswali yako hayaishi?"

Mtoto alitoka chumbani polepole. Alipita kigoda, akaenda jikoni, akasimama. Nakiete akamfuata, akachukua ungo wa maharage, akakaa chini. Baada ya muda Eliwaza akakaa pembeni yake wakawa wanachambua pamoja. Mtoto akaanza kuuliza mambo: Mirihi kuna maharage? Watu wanaoga? Ni kweli jua la huko ni dogo? Nakiete alijibu kila swali kwa urefu wote aliouweza, na katikati ya habari za kuoga kwa kikombe kimoja, Eliwaza akauegemeza ubavu wake kwenye mkono wa Nakiete. Ulikuwa mzigo mdogo sana, na Nakiete hakusogea mpaka mkono ukafa ganzi.

Alifurahi. Alifurahi na akaona aibu wakati huohuo, na furaha ikawa kubwa kuliko aibu. Jioni hiyo alikula kwa mara ya kwanza chakula kikamwingia mwilini.

Siku ya sita Eliwaza hakuja jikoni aliporudi shule. Nakiete alimngoja na ungo, kisha akaenda kumtazama. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Eliwaza alikuwa ameoga na kuchana nywele, amevaa gauni la kanisani, ingawa ilikuwa Jumatano. Vitabu alikuwa amevipanga kwa ukubwa mbele ya jicho la kisomeo, na amepiga magoti.

"Mama," alikuwa anasema, "sitauliza tena. Nitasikiliza tu."

Na Nakiete akajisikia akimjibu mwanawe, "Afadhali."

*

Alimpigia Kajiru simu akiwa uani, akamwambia asimamishe. Kajiru akamkumbusha kwamba zimebaki siku nne kufika thelathini, na kisomeo kitazimwa shubiri iwepo isiwepo. Ikisimama sasa, mtoto atakuwa amerudishiwa Mama yake mtamu ili anyang'anywe Jumapili. Afadhali amalizie. Nakiete akasema hapana. Kajiru hakubishana. Alisema atasimamisha na kukirudishia upole wake wa zamani, na kwamba atakizima Jumapili saa kumi na nusu alasiri. Muda huo alichagua Nakiete, kwa kuwa ofisini hupangwa asubuhi, watoto wengi wakiwa kanisani au madrasa, wakirudi wanakuta tayari, naye hakutaka mwanawe akute tayari.

Kisha Nakiete akaingia ndani akakaa sakafuni mbele ya mwanawe, pale ambapo mtoto angeweza kumwona vizuri. Hakuwa amejiandaa, na labda ilikuwa heri.

Alimwambia kwamba yale maneno mabaya hayakuwa ya Mama. Yeye ndiye aliyekwenda mjini akaagiza yasemwe. Alimwambia pia kuhusu Jumapili. Eliwaza alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini uliagiza?"

"Nilitaka unipende mimi."

Eliwaza alifikiri. Alikuwa na uso wa baba yake akifikiri, nyusi moja chini.

"Ungeniomba," akasema.

Halafu akakasirika. Hakukasirika kama mgeni anavyokasirika kwa watu. Aliutupa mwiko, akakataa ugali wa Nakiete akala wa bibi yake uliotoka sufuria hiyohiyo, akampita mlangoni bila salamu asubuhi na jioni. Alimwambia mara moja kwamba angebaki hukohuko Mirihi. Nakiete alikwenda kulia kwenye tangawizi. Bibi Nankondo alimkuta huko, akamwambia kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kwamba kazi yenyewe ndiyo hii imeanza, afute makamasi akateke maji.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi sauti ilisoma kwa upole wake wote chumbani, na Nakiete hakukaa tena kwenye kigoda. Alikitoa kigoda pale akakipeleka jikoni. Lakini nyumba ilikuwa ndogo, na kicheko cha mtoto hakina ukuta. Aliposikia alikuwa anasimama tu pale alipo, na ndoo au kisu mkononi, mpaka kipite.

*

Jumapili baada ya chakula Eliwaza alimjia Nakiete uani, akauliza bila kumtazama kama saa kumi na nusu ni kabla ya chai au baada. Nakiete akasema ni kabla kidogo. Eliwaza akasema basi leo yeye ndiye atakayemsomea Mama, maana Mama amesoma miaka mingi na hajawahi kusomewa. Akaingia chumbani. Mlango hakuufunga.

Alisoma kama wasomavyo watoto wa darasa la pili, kidole chini ya neno, pumzi inakatika pasipostahili. Alichagua kicheche. Kila alipokwama, sauti ilimngoja kwanza, kisha ikamdokeza, kisha ikasema, "Endelea, mwanangu." Nakiete alikuwa amesimama kizingitini, nyuma ya mgongo wa mtoto. Hakuweza kukaa jikoni. Alisikia jinsi sauti ile ilivyojua kungoja, ikamjia, bila uchungu safari hii, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekifundisha kisanduku subira hiyo katika siku nne zile, alipokuwa anamzungumzia mtoto ambaye hakuwepo akiwa na hamu naye hata kabla ya kumwacha. Ilikuwa yake yote. Ilikuwa imekaa hapa na mtoto wakati yeye hayupo.

Kicheche alikamatwa kengele ikiwa mkononi. Wanafunzi wakamzunguka. Eliwaza akasoma kwamba kicheche alitazama huku na huku, alipoona hakuna pa kukimbilia, aka... aka... Neno lilikuwa refu. Kidole kikasimama.

Taa ndogo ya kijani kando ya jicho la kioo ikazimika.

Eliwaza alingoja. Alikuwa amezoea kungojwa, naye akangoja vizuri, kichwa kimeinama juu ya ukurasa.

"Mama?" akaita, bila kugeuka.

Nakiete angeweza kujibu kutoka pale alipokuwa. Hilo alilijua mwili mzima. Mtoto alimpa mgongo, na koo lililokuwa likijibu miaka sita lilikuwa koo lake. Angesema neno lile moja kwa upole, na kwa dakika chache, labda kwa kitabu kizima, angekuwa Mama. Alilitamani jambo hilo kuliko alivyotamani hewa siku ile mtungi ulipomvujia Mirihi.

Akavua viatu, akapita pembeni ya kitanda, akapiga magoti mbele ya mwanawe, kati yake na kisanduku, mahali ambapo asingeweza kudhaniwa kuwa mtu mwingine.

"Akanyong'onyea," akasema.

Eliwaza aliinua uso, akautazama mdomo wake kwa muda mrefu, kisha akatazama kisanduku nyuma yake. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondoka kwenye kitabu. Akayafuta kwa kiganja ili ukurasa usiharibike. Nakiete alikuwa na mikono miwili na hakujua aiweke wapi, akaiacha mapajani.

Mtoto akarudisha kidole chini ya lile neno.

"Nilikuwa nalijua," akasema kwa hasira. "Usinisaidie mpaka nikuombe."

Akavuta kamasi, akaendelea kusoma, polepole, na Nakiete akafunga mdomo, akangoja kuombwa.